Kuchagua meza ya kulengea shabaha kwa bunduki ya upepo: anza na miguu

Ukienda kununua meza ya kulengea shabaha, yaani ile unayoketi nyuma yake na kuegemeza bunduki juu yake, inama kwanza uangalie chini yake. Ubao wa juu umetengenezwa kuvutia macho: mpana, umepakwa rangi vizuri, una vishimo vya kuwekea kopo la risasi. Lakini kinachoamua kama risasi itatua pale ulipolenga ni miguu, viungo vya miguu hiyo, na ardhi iliyosimamia. Mpwa wangu aliyeko mji wa Reading, Uingereza, amenunua bunduki yake ya kwanza ya upepo na amenitumia picha kadhaa za meza, zote zimepigwa kutoka juu. Nimemwambia anitumie za miguu. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza kwenye simu, ila kwa urefu zaidi.

Mimi ni seremala. Kazi niliianzia Tanga, kwenye karakana iliyokuwa ikipokea mbao za mitiki kutoka Longuza, na siku hizi naifanyia Uingereza. Hapa wengi wetu tuna kipande cha nyasi nyuma ya nyumba, uzio wa mbao, na jirani kila upande. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo ambayo nguvu ya risasi yake inapotoka haizidi futi-pauni 12, yaani kama joule 16, haihitaji leseni kwa mtu mzima asiyezuiwa kisheria kumiliki silaha. Scotland inataka cheti tangu mwisho wa mwaka 2016. Wewe uliyeko Kenya au Tanzania, suala la kibali linatangulia meza: ulizia polisi kwanza, usitegemee maneno ya muuzaji.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hii utaona nasumbuka bure. Ukiwa mezani bunduki inashikiliwa sehemu mbili: mbele imelala juu ya mfuko wa mchanga, nyuma kitako kimeegemea bega. Tuseme kati ya sehemu hizo mbili kuna nusu mita. Mfuko wa mbele ukipanda milimita 1 tu, na bega limetulia, mstari wa kulenga unapanda milimita 1 kwa kila nusu mita ya safari. Kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 20, hiyo ni milimita 40. Sentimita nne nzima, na risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5! Meza ambayo ukiweka kikombe cha chai huoni hata tone likimwagika inaweza kukutoa nje ya duara, nawe ukamaliza wiki nzima unaizungusha skrubu ya darubini ya bunduki ambayo haina kosa lolote.

Ipime kwa darubini

Kama unanunua meza iliyotumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu palepale kwake. Kama ni mpya, hakikisha duka linakubali kurudishiwa, kisha ijaribu siku ileile unayoifikisha nyumbani. Hakikisha bunduki haina risasi, ilaze juu ya mfuko, ielekeze kwenye kinga iliyo nyuma ya shabaha, na uikuze darubini hadi mwisho wake. Sasa gonga kona ya meza kwa kidole, mara moja. Msalaba ndani ya darubini utaruka. Meza nzuri hutulia kabla hujamaliza kusema "moja". Ukifika "tatu" msalaba bado unacheza, iache meza hiyo hata kama bei yake inapendeza.

Kisha shika ukingo wa ubao kwa mikono miwili uusukume kushoto na kulia, halafu uuzungushe kidogo kama unayetaka kuung'oa. Kusukuma kunaonyesha udhaifu wa miguu. Kuzungusha kunaonyesha udhaifu wa viungo. Meza nyingi za kukunja hufaulu jaribio la kwanza na kushindwa la pili, kwa sababu pini za kukunjia zimeacha nafasi ndani ya tundu zake. Weka kidole cha shahada kwenye kiungo, nusu juu ya mguu na nusu juu ya fremu, umwambie mtu aitikise meza. Kidole kitahisi mchezo ambao jicho halioni.

Miguu mitatu au minne

Kwenye nyasi nachagua mitatu bila kusita. Ncha tatu hukaa sawa kwenye ardhi yoyote, iwe na bonde au kichuguu, ndiyo maana hata mafiga ni matatu. Meza ya miguu minne juu ya nyasi karibu kila mara ina mguu mmoja usiobeba kitu, nao ndio utakaoshuka ukiegemea kiwiko. Miguu minne naikubali kwenye sakafu ya zege iliyosawazishwa, au pale kila mguu una skrubu ya kuurefusha na kuufupisha.

Lakini miguu mitatu ina sharti. Miwili iwe upande wako, imetanuka vya kutosha kupita pale viwiko vinapokaa, na mmoja mbele, chini ya mfuko wa mchanga. Ukikuta meza ya miguu mitatu ambayo ubao wake unaning'inia mbali nje ya miguu, bonyeza kona kwa uzito wako wote. Ikinyanyuka upande wa pili, itakuangusha siku moja na bunduki mkononi.

Angalia pia mihimili. Mguu ulionyooka wima bila kipande cha mshazari kinachouunganisha na ubao au na mguu mwenzake utayumba tu, uwe wa chuma au wa mbao. Kwenye meza za mbao napenda bolti zinazopenya mbao hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati na washa pana. Skrubu zilizochimbiwa kwenye mbao laini hulegea baada ya majira machache ya mvua na jua, kwa kuwa mbao huvimba na kusinyaa. Bolti utaikaza tena. Tundu la skrubu likishapanuka, umekwisha.

Kiti kilichoshikamana na meza

Zipo meza zinazouzwa na kiti chake kwenye fremu moja, nyingine kiti kinazunguka. Kwa mtu anayehama hama porini zina faida, kwani uzito wa mwili unaisaidia meza isihame. Kwa nyuma ya nyumba sizipendekezi. Kila unapovuta pumzi na kujisogeza, mwendo huo unapita kwenye fremu hadi kwenye mfuko wa mbele. Keti kwenye mojawapo, tazama kwa darubini, utaona msalaba ukidunda pamoja na mapigo ya moyo wako. Isitoshe, aliyepanga umbali kati ya kiti na ubao hakukupima wewe. Mtu mrefu atakunjika, mfupi atanyoosha shingo.

Chukua kiti chako mwenyewe: bila magurudumu, bila mikono ya pembeni, na kimo kinachobadilika. Kile cha mpiga ngoma, kinachouzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki, ni kizuri sana kwa kazi hii. Kina miguu mitatu, na kimo unakipanga kidogo kidogo upendavyo.

Kimo

Hapa usikimbilie, maana starehe yote iko hapa. Keti, nyayo zikanyage ardhi zote mbili, magoti yawe pembe mraba. Acha mkono uning'inie kutoka begani, kunja kiwiko. Ubao unatakiwa uwe juu ya kiwiko hicho kwa vidole viwili au vitatu. Kwa watu wengi inakuja kama sentimita 30 kutoka kwenye kiti hadi juu ya ubao, kiasi kilekile cha meza ya kulia chakula yenye kimo cha sentimita 75 na kiti cha 45. Kwa hiyo meza ya sentimita 75 hivi si mbaya kwa kuanzia, mradi kiti kinapanda na kushuka.

Sasa fumba macho. Weka shavu kwenye kitako cha bunduki kama kawaida yako, tulia, kisha fumbua. Kama picha ndani ya darubini imejaa duara lote bila kivuli cheusi pembeni, kimo ni sahihi. Kama umelazimika kuitafuta picha kwa shingo, rekebisha mfuko wa mbele kwanza, kisha kiti, na meza iwe ya mwisho. Baki hapo dakika ishirini. Maumivu ya shingo na ya mgongo wa chini hayatokei dakika ya kwanza dukani.

Ubao uwe na nafasi ya kiwiko cha mkono wa kifyatulio. Meza zenye kata ya kifua, yaani ukingo uliokatwa kuingia ndani ili kifua kipate nafasi, zinakuruhusu kusogea karibu, na upande mmoja unabaki mrefu kushika kiwiko. Angalia ni upande gani. Anayelenga kwa bega la kulia anahitaji ubao urefuke kuliani, na wa kushoto kinyume chake. Mtoto usimtafutie meza fupi, mpandishie kiti na umwekee kibao imara chini ya miguu. Kwa sheria ya hapa, aliye chini ya miaka 14 lazima asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi.

Bunduki yako ni ya aina gani?

Wanaotumia bunduki yenye mtungi wa hewa iliyoshindiliwa wana kazi nyepesi: karibu haina mshtuko, inalala juu ya mfuko wa mbele na wa nyuma, na meza ikitulia nayo inatulia. Ya springi ni mambo mengine. Pistoni ikiachiwa, bunduki inarudi nyuma, kisha inaruka mbele, na yote hayo huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana kwenye kitu kigumu inadunda, na inadunda tofauti kila mara. Tom Gaylord, Mmarekani aliyeandika mengi kuhusu bunduki hizi, ameshauri miaka mingi kwamba uiache ilale kwenye kiganja kilicho wazi bila kuibana, isogee ipendavyo. Kwa hiyo mwenye springi anahitaji mfuko mfupi zaidi, ili mkono upate nafasi kati ya mfuko na bunduki, na ubao wenye ukingo uliosagwa vizuri usimkate mkono. Pima kimo ukiwa umeshaweka mkono hapo.

Ardhi

Nyasi za Uingereza kuanzia Oktoba ni tope lililofunikwa kijani. Nunua slabu tatu za zege za sentimita 45 kwa 45, chimba kidogo, tandika mchanga, ziweke sawa kwa pimamaji, na kila mguu upate slabu yake. Ni kazi ya asubuhi moja, na itaipa meza ya bei ya chini utulivu kuliko ya ghali iliyowekwa juu ya nyasi tupu. Sakafu za mbao zilizoinuliwa nje ya mlango wa jikoni ziepuke ukiweza. Mtu akipita na sinia la chai, ubao aliokanyaga unapeleka hatua zake hadi kwenye msalaba wako.

Panga mahali pa meza ukitazama inakoelekea. Ukiwa umeketi, mtutu uko kama sentimita 90 kutoka ardhini. Weka kisanduku cha kunasa risasi chini ya kimo hicho, ili mstari wa kulenga uteremke kuelekea ardhini, si kuelekea dirisha la jirani. Nyuma ya kisanduku weka ubao mnene na mpana, au tuta la udongo. Risasi ikivuka mpaka wa eneo lako bila ruhusa ya mwenye eneo la pili ni kosa la jinai. Vaa miwani ya kinga, na osha mikono kabla ya kula, kwani risasi nyingi ni za risasi halisi, ile metali yenye sumu.

Kama pesa hazitoshi bado

Tafuta Workmate iliyotumika, ile meza ya fundi ya kukunja ambayo ubao wake hubana kitu kama jiliwa. Aliyeibuni ni Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini, yuleyule aliyesanifu gari la Lotus Elan, na Black & Decker wakaanza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imeenea mno hapa kiasi kwamba hukosi kuipata kwa bei ndogo. Kata plaiwudi ya milimita 18, kama sentimita 100 kwa 70, toa kata ya kifua, kisha funga chini yake kipande cha mbao cha milimita 50 kwa 50, kwa gundi na skrubu. Kipande hicho kibane kwenye meno ya Workmate kwa nguvu zako zote. Weka mfuko wa mchanga wa kilo 20 kwenye kikanyagio chake cha chini. Gundisha kipande cha zulia juu ya plaiwudi ili mifuko isiteleze.

Mvua ikikaribia, iingize ndani au ifunike kwa turubai lisilogusa ubao, hewa ipite. Mwanzo wa kila msimu kaza bolti zote, kisha rudia jaribio la kugonga kona.