Tangi la Honda ya baba: kutoa kutu na kulipaka upya ndani

Honda CG125 ya marehemu baba ilinizimikia Pongwe, mvua ikinyesha, nikitoka Muheza kurudi Tanga. Nilichomoa mpira wa kabureta, nikakinga petroli kwenye kifuniko cha chupa. Ilikuwa kama chai ya rangi, na chini yake zimetuama punje nyekundu mithili ya unga wa tofali. Nilipochungulia ndani ya tangi niliona vipande vya rangi vimebanduka kama magamba ya samaki.

Mwaka uliotangulia nilimpa fundi mmoja alitengeneze. Alilisuuza kwa petroli, akapaka rangi ya ndani juu ya kutu ileile, akanirudishia siku hiyohiyo. Rangi ilidumu miezi minane. Haikushika chuma, ilishika kutu, na kutu ilipobanduka ikabanduka nayo. Likizo ya Juni nilifanya kazi hiyo mwenyewe barazani, na ilinichukua siku kumi.

Anza kwa kumwaga petroli yote na kuvua koki, kifuniko na mipira. Osha ndani kwa maji na sabuni ya unga mara nne au tano mpaka harufu ya petroli iishe, kisha liache wazi kutwa nzima. Usiharakishe hapa. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke, na cheche moja inatosha. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu, na usimpelekee fundi wa kuchomelea tangi ambalo bado linanuka.

Kisha tafuta matundu. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nilitumia chaki. Nilijaza maji, nikafuta tangi kwa nje hadi likakauka kabisa, nikapaka chaki nyeupe kwenye mshono wote wa chini. Baada ya robo saa yalijitokeza madoa mawili meusi, kila moja dogo kuliko punje ya mtama, upande wa kulia. Upande huo si bahati mbaya. Tangi la pikipiki hii limekalia bomba la fremu kama tandiko, kwa hiyo chini lina mifuko miwili, na koki iko kwenye mfuko mmoja tu. Maji yakiingia kwenye mfuko wa pili hayana pa kutokea, hukaa humo miaka yakila chuma. Ukiona malengelenge ya rangi sehemu za chini, bonyeza kwa ukucha. Mara nyingi chuma cha hapo kimebaki kama karatasi.

Vitundu kama vyangu huzibwa na rangi ya ndani. Vikizidi kichwa cha kiberiti, mpe fundi rejeta avizibe kwanza kwa risasi. Na kama hakuna tundu hata moja, ushauri wangu ni huu: toa kutu, kausha, tumia, usipake kitu. Chuma safi kinachokaa na petroli hakihitaji rangi, na rangi ikishashika, kuitoa ni kazi ngumu kuliko kutu.

Kutu nene huitoi kwa dawa peke yake. Nilitia ndani nati 40 za spana namba 10 na maji kidogo yenye sabuni, nikalifunga tangi kwenye blanketi, mimi na mpwa wangu tukalitikisa kwa zamu: kulia, kushoto, chini juu, nusu saa kila upande. Maji yalitoka kama uji wa ulezi. Hesabu nati zako kabla na baada. Zetu zilitoka 39. Ya arobaini ilikuwa imejibanza nyuma ya mdomo wa tangi, mahali jicho halifiki, na tuliitoa kwa sumaku ya spika mbovu tuliyoifunga kwenye waya.

Halafu siki. Nilinunua siki nyeupe ya madumu, ile ya wauza chipsi, nikasoma lebo kwanza kuhakikisha ina asilimia 5 ya asidi. Ziba tundu la koki; kizibo changu nilikichonga kwenye kandambili ya zamani. Paka mafuta ya mgando kuzunguka mdomo ili siki isiharibu rangi ya nje, kisha jaza mpaka juu kabisa, kwa sababu darini, mahali petroli haifiki, ndipo unyevu wa usiku hugandia. Baada ya saa 24 nilichungulia kwa tochi, nikaongeza saa 24 nyingine. Chuma kilitoka cha kijivu, kimefubaa, ukipitisha kidole hakiachi wekundu. Wapo wanaotumia asidi ya betri ili wamalize kwa saa moja. Mimi siitaki. Hailegei hata ikishamaliza kutu, inaendelea kula bati lenyewe.

Sasa inakuja sehemu ambayo ukizembea unarudi mwanzo. Chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu upya ndani ya dakika chache, na hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi ya bahari. Andaa kila kitu kabla hujamwaga siki. Mwaga, suuza, tia maji yenye vijiko vitatu vya magadi ya kupikia maharage, tikisa; yatatoa povu yakiua asidi iliyobaki. Suuza tena mara mbili. Hapohapo tia nusu lita ya spiriti, zungusha, mwaga. Spiriti hubeba maji yaliyojificha kwenye mshono. Liache wazi juani hadi harufu ya spiriti iishe, ndipo ukaushe kwa draya ya saluni, maana spiriti nayo hushika moto. Mimi nilipuliza saa nzima, mpaka tangi likawa la moto mkononi. Rangi ikikuta tone la maji, pale haitashika.

Rangi ya kutumia ni epoksi ya vikopo viwili iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya petroli. Usidanganywe kutumia rangi ya geti wala resini ya maboti. Changanya rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iliyo kwenye kopo la pili, kwa kipimo cha kwenye kopo, bila kukisia, nje penye hewa na umevaa glavu. Paka grisi kwenye nyuzi za koki, mimina yote, ziba, anza kuligeuza polepole: kila ubavu, kila kona, darini, na mfuko wa upande usio na koki mara mbili. Utasikia kwa mikono inavyobadilika, mwanzo inakimbia kama maziwa, baadaye inatambaa kama asali. Kabla haijawa nzito zaidi ya hapo, fungua tundu la koki na uache inayozidi itoke yote. Dimbwi likibaki chini hukauka juu tu, ndani likabaki bichi.

Inayotoka usiitupe. Nilikinga kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikakiweka pamoja na tangi kivulini siku nne, kisha nikakitumbukiza kwenye chupa ya petroli siku mbili. Kilipotoka kigumu kama kigae, ukucha hauingii, ndipo nilipolitia tangi mafuta.

Kabla ya kulifunga, safisha kabureta, weka filta mpya kwenye mpira wa mafuta na badilisha mpira wa kifuniko, maana maji ya mvua yaliingilia hapo tangu mwanzo. Lita ya kwanza nilitia, nikatikisa, nikaichuja kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilibaki cheupe.