Namna ya Kuwatunuku Wahitimu wa Idara ya Kemia

Idara ya kemia inapoamua kuwaenzi wahitimu wake, kazi ngumu haiko kwenye ukumbi wala kwenye chakula, bali kwenye sentensi moja: mtu huyu anatunukiwa kwa lipi? Sentensi hiyo ikikosekana, ngao itatolewa na picha zitapigwa, lakini mwaka ukipita hakuna mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini jina lile limetundikwa kwenye korido ya maabara.

Undeni kwanza kamati ndogo ya watu watano hivi, yenye hadidu za rejea zilizopitishwa na mkutano wa idara. Pamoja na wahadhiri, awemo mhitimu anayefanya kazi nje ya chuo, na awemo fundi sanifu wa maabara. Huyu wa mwisho husahaulika, ilhali mara nyingi ndiye anayewakumbuka wahitimu kuliko profesa yeyote, kwa kuwa ndiye aliyesimama nao walipokuwa wakijifunza kusoma bureti, ule mrija wenye alama za kupimia vimiminika. Kamati iamue mapema kama marehemu wanaweza kutunukiwa, maana jambo hilo likiachwa huzua ugomvi. Tuzo ya Nobel, tangu 1974, haitolewi kwa aliyekwisha kufariki, isipokuwa kifo kikimfika baada ya kutangazwa. Kwa idara zetu ningeshauri tuwaruhusu marehemu, kwani wengi walitangulia kabla hatujawa na desturi hii.

Katika kuweka vigezo, pimeni kazi ya kemia, msipime cheo. Wahitimu wetu wako katika Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, katika Shirika la Viwango, viwandani, kwenye mamlaka za maji na madarasani. Mwalimu wa sekondari aliyeendesha masomo ya vitendo kwa miaka mingi katika shule isiyo na gesi, akipasha moto kwa taa ya spiriti na kukata chupa za maji ziwe faneli, anastahili kuwekwa kwenye mizani ileile anayowekwa mkurugenzi.

Chukulieni mfano wa John Magufuli, aliyepata shahada zake tatu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: ya kwanza, ya ualimu wa kemia na hisabati, mwaka 1988, ya uzamili katika kemia mwaka 1994, na ya uzamivu mwaka 2009. Mwandishi yeyote wa wasifu wake angeanza na urais. Idara ya kemia ingepaswa kuanza na utafiti wake wa uzamivu, uliochunguza uwezo wa asidi anakadiki, itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho, kuikinga metali isiliwe na kutu. Urais una watu wake wa kuuenzi. Ganda la korosho ni la idara.

Hapo ndipo hati ya sifa, yaani maandishi mafupi yanayoeleza mtu anatunukiwa kwa lipi, inapopata uzito. Msiandike kwamba mtunukiwa “amechangia kwa kiasi kikubwa maendeleo ya sayansi nchini,” maneno yanayomfaa kila mtu na hivyo hayamhusu yeyote. Ikiwa alishughulikia floridi katika maji ya kunywa mkoani Arusha, ambako huwabadilisha watoto rangi ya meno, semeni alipima nini, kwa njia gani, na visima vipi vilifungwa au kusafishwa kutokana na majibu yake. Maneno 150 yanatosha, mradi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ayaelewe.

Kabla ya kutangaza, thibitisheni vyeti, machapisho na madai ya wapendekezaji, na ulizeni pia kama kazi hiyo ilimdhuru mtu. Fritz Haber, mwanakemia wa Ujerumani, alipewa Nobel ya kemia ya mwaka 1918 kwa kutengeneza amonia kutokana na elementi zake, ilhali Aprili 1915 alikuwa amesimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanasayansi kadhaa walipinga, na ubishi haujaisha hadi leo. Kwetu swali linaweza kuwa dogo zaidi, kwa mfano la kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni, lakini ni bora liulizwe na kamati kuliko na wanakijiji siku ya hafla. Barua ya kuomba mchango nayo isiambatane na barua ya tuzo, hata kidogo.

Majina yanataka uangalifu wa pekee. Katika hafla moja niliyosaidia kuiandaa, ubini wa mtunukiwa ulichongwa ukiwa umekosewa herufi moja, nami ndiye niliyeusoma kwa sauti, mama yake akiwa ameketi safu ya mbele. Tangu hapo simruhusu mchongaji aanze kazi kabla mtunukiwa mwenyewe hajaweka saini kwenye karatasi yenye jina lake kamili na cheo chake.

Siku yenyewe, hotuba ziwe fupi, na mtunukiwa apewe saa nzima maabara pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili, bila wapiga picha. Nakala ya hati ya sifa ibandikwe mlangoni pa maabara, kwa kimo cha macho, pale wanafunzi wanapopanga foleni kusubiri somo la vitendo.