Ufadhili wa Chuo kwa Wenye Uhitaji: Familia Iliyoko Marekani Ianzie Wapi

Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi Marekani hutafuta ufadhili wa masomo kwa kujaza fomu za tuzo ndogondogo za dola 500 au 1,000, ilhali sehemu kubwa ya fedha zinazotolewa kwa kigezo cha uhitaji hutoka serikalini na katika vyuo vyenyewe. Afadhali kuanzia huko.

Fomu ya kwanza ni FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa kifedha wa masomo, ambayo hujazwa bila malipo na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, takriban mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza. Inawafaa raia, wenye grin kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Hadhi inayozingatiwa ni ya mwanafunzi, si ya mzazi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Marekani hapotezi haki yake eti kwa kuwa mama au baba hana namba ya Social Security. Hata hivyo, mzazi mwenye wasiwasi kuhusu hadhi yake ya uhamiaji ni vyema azungumze na mwanasheria kabla ya kutoa taarifa zake. Fomu hii ndiyo inayofungua mlango wa Pell Grant, msaada usiorejeshwa ambao kwa mwaka wa masomo wa 2025/2026 una kikomo cha dola 7,395.

Kipato kinachoangaliwa ni cha miaka miwili nyuma ya mwaka wa kuanza masomo, na hapo ndipo familia nyingine huumia kimyakimya. Anayeingia chuoni mwaka 2026 hupimwa kwa taarifa za kodi za mwaka 2024, hata kama mzazi aliachishwa kazi baada ya hapo. Katika hali hiyo, mwanafunzi aiandikie ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo chake, aambatanishe barua ya kusitishwa kazi au bili za hospitali, na aombe hesabu ipitiwe upya, kwa kuwa sheria inawapa maofisa hao mamlaka ya kufanya hivyo.

Vyuo kadhaa, hasa vya binafsi, hudai pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea fedha za vyuo vyenyewe. Ina maswali mengi na ina ada, ingawa wenye kipato kidogo husamehewa, lakini ina sehemu ya kueleza hali maalumu za familia. FAFSA haiulizi fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi kwa matibabu ya bibi au karo ya wadogo zenu. Kwenye CSS Profile mzieleze, kwa kiasi na kwa risiti za kutuma fedha. Msione haya, wala msitie chumvi.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hapati msaada wa serikali kuu, lakini vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humdahili bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hugharamia uhitaji wake wote kwa hesabu zao wenyewe. Kuingia huko ni kugumu mno, kwa hiyo asiweke hivyo pekee kwenye orodha ya vyuo anavyoomba.

Tuzo ndogo za nje zifuate baadaye, na kabla ya kuzikubali chuo kiulizwe kama kitapunguza msaada wake kwa kiasi hichohicho, maana vipo vinavyofanya hivyo, na jasho lote la kuandika insha huishia kukipunguzia chuo gharama.