Unajiandaa na mtihani wa CISSP? Punguza kukariri, jifunze kuamua

Wadau, hii ni kwa yeyote anayejipanga kukaa mtihani wa CISSP, cheti cha wataalamu wa usalama wa mifumo ya taarifa kinachotolewa na shirika la ISC2, na ambaye kila akiuliza anaambiwa "we komaa tu". Kukomaa ni lazima, ila kukomaa peke yake hakutoshi. Kuna watu wako kwenye fani miaka na miaka, netiweki wanaijua nje ndani, na bado wanachemka, kwa sababu pepa hii inakuweka kwenye hali fulani halafu inakuuliza utaanza na lipi, na majibu yote manne unaweza kukuta yako sawa kwa namna yake.

Kabla hujalipa chochote angalia kwanza kama unafaa. Wanataka miaka 5 ya kazi ya kulipwa, ijumlishwe hata kama ni vipande vipande, na iwe kwenye domeni (yaani maeneo ya mada) 2 au zaidi kati ya 8 za mtihani. Ukiwa na digrii inayokubalika au cheti kingine kilichopo kwenye orodha yao unapunguziwa mwaka 1, mmoja tu, hata uwe navyo vyote viwili. Kama miaka haijatimia sio mwisho, mtihani unaruhusiwa kufanya, ukifaulu unaitwa Associate wa ISC2 na unapewa miaka 6 ya kukusanya uzoefu. Ila kwa mtu ambaye ndo anaanza kabisa mimi nashauri apitie cheti cha chini kwanza, CC ya hao hao ISC2 au Security+ ya CompTIA, maana maswali mengi ya CISSP yanataka mtu aliyewahi kukaa kazini na kuona mambo yanavyoharibika na nani anaulizwa yakiharibika.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe, na hapa naomba usome taratibu. Tangu tarehe 15 Aprili 2024 mtihani ni maswali kati ya 100 na 150, masaa 3, alama ya kufaulu ni 700 kwenye 1000. Unafanyika kwenye kompyuta na unabadilika kadiri unavyojibu, yaani ukipatia swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa linashuka kidogo, mfumo unakutafutia maswali ambayo kwa makadirio yake una nusu kwa nusu ya kuyapata. Ukishaelewa hilo presha inapungua sana, kwa sababu kila mtu anayefanya huu mtihani anahisi anafeli, hata anayefanya vizuri, ndivyo ulivyotengenezwa. Kompyuta ikizima kwenye swali la 100 maana yake mfumo umeshapata uhakika wa asilimia 95 kuhusu wewe, ama umefaulu ama umefeli, na ikiendelea kupita 100 kuelekea 150 usikate tamaa, maana yake bado uko karibu na mstari na kila swali lililobaki lina uzito. Kati ya maswali utakayokutana nayo 25 hayahesabiwi kabisa, wanayajaribisha tu, na huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu ambalo hujawahi kulisikia popote lijibu usonge mbele, usilibebe kichwani. Na hakuna kurudi nyuma. Ukishabonyeza limeenda.

Muda unaupangaje? Gawanya dakika 180 kwa maswali 150 unapata kama sekunde 72 kwa swali, au maswali 50 kwa saa. Shika hiyo 50 kwa saa, usihesabu kwamba utamaliza kwenye 100. Na muda ukiisha hujafikisha hata yale 100 umefeli moja kwa moja, haijalishi ulikuwa unapatia vipi.

Domeni 8 hazilingani uzito. Usimamizi wa riski na sera ndio kubwa, asilimia 16. Usanifu wa mifumo, netiweki, utambulisho na ruhusa za kuingia, na uendeshaji wa usalama wa kila siku zina 13 kila moja, upimaji na ukaguzi ina 12, halafu usalama wa data na mali nyingine na ule wa utengenezaji wa programu zina 10 kila moja. ISC2 wenyewe wanatoa muhtasari wa mada bure kwenye tovuti yao, huo ndio uupakue siku ya kwanza kabla ya kitabu chochote, uuprinti, upite mstari kwa mstari ukiweka alama tatu: hiki naweza kumweleza mtu, hiki nimekisikia tu, hiki sijui kabisa. Anza na visivyojulikana. Watu wa netiweki wana tabia ya kuanza na netiweki kwa sababu inawapa raha, wakifika kwenye mambo ya sheria, sera na riski wameshachoka, wakati hapo ndipo alama nyingi zilipo.

Miezi 3 hadi 4 kwa mtu mwenye kazi, saa moja na nusu hivi kila siku, inatosha kama kweli ni kila siku. Chagua kitabu kimoja kikuu na benki moja nzuri ya maswali, basi. Mwenye vitabu sita huwa hamalizi hata kimoja. Soma domeni, siku hiyo hiyo fanya maswali 20 au 25 ya domeni hiyo, halafu kaa na majibu muda mrefu kuliko ulivyokaa na maswali. Kila swali, hata ulilopatia, andika kwenye daftari kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila moja ya yale matatu ni kosa. Inachosha, najua, lakini hakuna njia nyingine inayojenga uamuzi kama hii, na nakuhakikishia maswali 25 yaliyochambuliwa hivi yanakufaa kuliko 200 ya kukimbiza asilimia.

Ngoja nitoe mfano. Mfanyakazi anapiga simu, kompyuta yake inaonyesha ujumbe kwamba mafaili yamefungwa na anatakiwa alipe. Ufanye nini kwanza: uizime, uichomoe kwenye netiweki, urudishe data kutoka kwenye bakapu (nakala ya akiba), au utoe taarifa polisi? Fundi mwenye haraka anakimbilia bakapu. Lakini ukirudisha bakapu wakati virusi bado vinatembea unaviletea chakula kipya. Ukiizima unapoteza ushahidi uliokuwa kwenye memori. Polisi wanaweza kuhitajika, ila baadaye, na mara nyingi uamuzi huo ni wa uongozi na wanasheria. Kwa hiyo unaitenga na netiweki kwanza. Umeona, hakuna jibu la kijinga pale, kuna mpangilio tu, na mpangilio wenyewe kwenye CISSP unakwenda hivi: gundua, itikia, zuia madhara, toa ripoti, rejesha huduma, ondoa chanzo, kisha kaeni mjifunze kilichotokea.

Mfano mwingine unaowaangusha wengi: nani anaamua data hii ni ya siri kiwango gani? Wengi wanajibu watu wa IT kwa sababu ndio wanaishika. Hapana, anaamua mwenye data, yaani kiongozi wa kitengo ambacho data ni yake, IT ni mtunzaji tu, kazi yake kuweka bakapu na ruhusa kama alivyoelekezwa. Jifunze kuuliza kila swali "mimi hapa ni nani?" Mara nyingi wewe ni mshauri wa riski, hurekebishi kitu kwa mkono, unatathmini, unapeleka kwa uongozi, uongozi unaamua. Ila usiigeuze kuwa dini, kuna maswali ni ya kiufundi wazi wazi na yanataka jibu la kiufundi. Na popote uhai wa mtu unapotajwa, moto, mlango wa dharura, chochote, watu kwanza, seva baadaye.

Hesabu zipo ila chache. Ya riski ielewe kabisa: mali ina thamani ya 100,000, tukio likitokea linaharibu asilimia 25, kwa hiyo hasara ya mara moja ni 25,000. Kama tukio linatarajiwa mara moja kila miaka 5, yaani 0.2 kwa mwaka, hasara ya mwaka ni 5,000. Muuzaji akija na kinga ya 8,000 kwa mwaka, kwa hesabu hii peke yake hailipi. Swali likija kwa sura yoyote utaliweza, kwa sababu unajua namba inatumika kufanyia nini. Nyingine ni idadi ya funguo: watu 10 wakitaka kuwasiliana wawili wawili kwa ufunguo wa pamoja unahitaji funguo 45, wakitumia jozi za ufunguo wa wazi na wa siri ni 20 tu.

Kuna vitu vya kukariri kweli, sikatai. Tabaka 7 za OSI, ule mchoro wa jinsi netiweki inavyofanya kazi, AES, njia ya kufunga data kwa ufunguo wa siri, kwamba bloku yake ni biti 128 na funguo ni 128, 192 au 256, modeli ya Bell-LaPadula inayolinda siri kwa kukataza kusoma juu na kuandika chini, na ya Biba inayolinda usahihi wa data kwa kugeuza hayo mawili, yaani kukataza kusoma chini na kuandika juu. Vipitie dakika 10 asubuhi kila siku.

Suala la madampu, yale maswali ya wizi yanayouzwa mtandaoni: achana nayo. Mengi yana majibu ya uongo, na kuyatumia ni kuvunja makubaliano ya usiri utakayoyakubali kabla ya swali la kwanza, matokeo yako yanaweza kufutwa. Halafu hebu fikiria, unaomba kuaminiwa na siri za watu.

Tarehe weka mapema, ukiwa katikati ya maandalizi, la sivyo utaahirisha milele. Mtihani unafanyikia vituo vya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mitihani ya kompyuta. Hakikisha jina ulilojisajili nalo linafanana na la kwenye kitambulisho, na beba vitambulisho viwili. Siku moja kabla usisome domeni mpya, lala. Ndani ya chumba soma mstari wa mwisho wa swali kwanza ujue linataka nini, tafuta maneno kama kwanza, bora zaidi, isipokuwa, ndio urudi juu kwenye hadithi yenyewe. Mapumziko yanaruhusiwa ila saa haisimami, hata hivyo dakika 3 za kunawa uso baada ya swali la 60 au 70 nazitetea, akili iliyochoka inasoma "isipokuwa" inaelewa kinyume.

Karatasi ya matokeo ya awali unapewa hapo hapo kituoni. Ukifaulu haina alama, imeandikwa umefaulu, na una miezi 9 ya kukamilisha kuthibitishwa uzoefu wako na mtu ambaye tayari ni mwanachama wa ISC2, kama humjui yeyote ISC2 wenyewe wanaweza kufanya hiyo kazi. Baada ya hapo ni ada ya kila mwaka na masaa 120 ya kujiendeleza ndani ya kila miaka 3. Ukifeli, karatasi itakuonyesha domeni gani uko chini ya kiwango, ipi uko karibu na ipi uko juu, na unasubiri siku 30 kabla ya kurudia, mara ya pili 60, baada ya hapo 90, isizidi mara 4 ndani ya miezi 12. Siku hiyo hiyo ukitoka kituoni andika kwenye daftari lako mada zilizokusumbua, mada tu, maswali yenyewe yanalindwa na makubaliano, kisha pumzika wiki moja na uanze na domeni zilizo chini.