Siki, kikapu na kipande cha foili

Mashine ya ultrasoniki (inayosafisha kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji) ya kusafishia regyuleta za kuzamia, yaani vifaa vya kupumulia vya mzamiaji, isikuvutie kwa vitufe. Iwe na hita, kikapu, na beseni la lita 2 au 3. Masafa ya mawimbi ya kHz 40 yanatosha. Vyuma vilale kikapuni, visiguse chini. Toa kwanza oringi (pete za mpira za kuziba), diaframu (utando wa mpira) na plastiki zote.

Siki nyeupe na maji vuguvugu, nusu kwa nusu, dakika 5 hivi, huku ukichungulia. Mimi niliwahi kwenda kunywa chai. Niliporudi kromu ya juu imebabuka, shaba inanikodolea macho. Suuza papo hapo kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi.

Ukishuku mashine imechoka, tumbukiza foili ya alumini dakika moja. Ikitoka na vitobo, bado ina nguvu.