Anza na mkoba, si na tarehe ya kuzaliwa

Ukivaa mavazi ya mwanamke jasiri wa zamani ili usimulie habari zake, usimalize maisha yake yote kwa mkupuo. Chagua siku moja, ubaki humo. Nellie Bly, mwandishi wa habari wa Marekani, kwa mfano: ni tarehe 14 Novemba 1889, anaondoka kuizunguka dunia akiwa na koti refu la mirabaraba na mkoba mmoja mdogo. Ufungue mkoba polepole. Toa wino, kalamu, sindano na uzi, kisha kile kikopo cha krimu ambacho nusura kiuzuie mkoba kufungwa. Hapo watu husogeza viti! Ukiulizwa kama utafaulu, jibu kama yeye siku ile. Zile siku 72 alizotumia kuizunguka dunia bado ziko mbele. Na mazoezi yafanye ukiwa umevaa gauni lenyewe, hasa kuketi na kuinuka.