Namna ya kupika mtori

Mtori ni supu nzito ya ndizi na nyama ya ng'ombe ambayo Wachaga wa Kilimanjaro huwapikia akina mama waliotoka kujifungua, ijapokuwa katika migahawa ya Moshi mtu yeyote huagiza bakuli lake asubuhi bila kuulizwa habari za uzazi.

Ndizi ndizo zinazoamua yote. Zinazofaa ni mshare, mbichi na za kijani kabisa, kwa kuwa huiva haraka na kupondeka bila kuacha mabonge. Ukifika soko la Mbuyuni mjini Moshi, mweleze muuzaji kwamba unataka za mtori, naye atakukatia chane inayofaa. Usichukue mzuzu, ambao ni wa kukaanga, wala ndizi iliyoanza kupiga manjano, maana utamu wake utaishinda ladha ya nyama.

Kwa watu 5, chemsha kilo 1 ya nyama yenye mifupa katika lita 2 na nusu za maji, pamoja na kitunguu kilichokatwa na chumvi, mpaka nyama ilainike na kuanza kuachana na mfupa. Wakati huo paka mafuta mikononi, kwa sababu utomvu wa ndizi huacha weusi usiotoka upesi, kisha menya ndizi 15, zikwangue nyuzi kwa kisu na kuzitumbukiza katika maji safi zisibadilike rangi. Wapo wanaozipasua na kutoa kiini ili mtori uwe mweupe. Mimi sioni haja hiyo kwa ndizi changa.

Opoa nyama, uichambue na kuiweka kando, kisha teka supu kidogo uibakize. Ndizi zikatwe vipande na zichemkie katika supu ileile, si katika maji mengine, kwa muda wa nusu saa hivi. Zikishalainika, epua sufuria na uziponde humohumo kwa mwiko wa mbao. Blenda hurahisisha kazi, lakini hutoa kitu laini mno kinachofanana na uji wa mtoto, ilhali mtori mzuri hubaki na chembechembe ndogo za ndizi ulimini.

Rudisha nyama, ongeza vijiko 2 vya siagi au samli, kisha uache kwenye moto mdogo kwa dakika 10 huku ukikoroga hadi chini, kwani hushika sufuria kwa haraka. Binzari na pilipili manga hazina kazi hapa. Uandae ungali moto. Ukipoa huganda, na hapo utaulegeza kwa supu ya moto uliyobakiza.